Mtoto akikuitikia "ndio mwalimu" ujue bado hujamaliza kazi

Mkuu umeuliza swali ambalo nilikuwa najiuliza mwenyewe miaka kadhaa iliyopita. Umesema una watoto sitini na kitu darasani, madaftari yamekushinda, ukaamua uwe unapita kwenye madawati unawaambia makosa yao kwa mdomo, ila wiki inayofuata kosa lile lile linarudi kama hukuwahi kusema kitu, na juu ya hapo mwalimu mkuu anataka aone wino mwekundu. Unataka kujua hii ya mdomo inasaidia kweli au tunajifariji. Wadau wengi hapo juu wamejibu "inategemea", sawa, hawajakosea, ila inategemea nini ndo hawajasema. Ngoja mi niseme yangu, ni ndefu kidogo mnivumilie.

Inasaidia. Kwa maoni yangu inasaidia kuliko wino, manake wino unamfikia mtoto siku tatu baadae wakati akili yake ishahamia kwenye topiki nyingine, anaangalia maksi anafunga daftari. Mdomo unamkuta bado yuko ndani ya swali. Lakini kuna sharti moja, na hili ndo limenichukua muda kulielewa: kabla hujaondoka kwenye dawati lake lazima akurudishie kitu. Akueleze kwa maneno yake, au mkono wake ufanye kitu kwenye daftari we ukiwa unaona. Akitikisa kichwa tu ukaondoka, hapo umeongea na dawati.

Nililijuaje. Mi nilikuwa ticha wa mdomo haswa, nilikuwa najisifia kabisa kwamba darasani kwangu kila mtoto anaambiwa, hakuna wa kusubiri daftari lirudi. Siku moja kwa ujanja wangu nikaweka simu kwenye mfuko wa shati nikarekodi kipindi kizima, dakika 40, jioni nikakaa peke yangu nasikiliza. Wakuu, kama una roho nyepesi usijaribu. Nilisema "vizuri" mara 31, na kati ya hizo mbili zilikuwa kwa majibu ambayo hayakuwa sahihi, nilikuwa tu nataka tusonge mbele. Nikauliza "umeelewa?" mara 19, zote nikajibiwa ndiooo, na zote nikaamini! Halafu kitu kilichoniuma zaidi ni kwamba nikimuuliza mtoto swali sikumpa hata nafasi ya kuvuta pumzi, namuuliza, kimya kidogo, najibu mwenyewe, afu nampongeza yeye.

Baadae nikaja kusoma kumbe hili wenzetu walishalipima zamani sana. Kuna mtafiti wa Marekani anaitwa Mary Budd Rowe, miaka ya 1970 alikuwa anasikiliza rekodi za madarasani, akakuta walimu wengi wakiuliza wanasubiri kama sekunde moja hivi basi, ila wakijilazimisha kufika sekunde 3 majibu ya watoto yanarefuka, na wale waliokuwa hawachangii wanaanza kuchangia. Na kuna sehemu ya pili ambayo wengi tunairuka, kusubiri BAADA ya mtoto kujibu pia. Hiyo ya pili ndo ngumu, mtoto kamaliza sentensi na we ulimi unakuwasha useme "sawa" au "hapana". Ukinyamaza sekunde tatu mara nyingi anajiongeza mwenyewe, anasema "yaani namaanisha...", na hapo ndo unapata kujua anafikiria nini.

Sasa nikupe mfano mmoja wa karibu uone tofauti. Sehemu, nusu jumlisha theluthi. Kijana mmoja kaandika 2/5, kajumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, kosa ambalo kila anayefundisha hesabu kaliona mpaka macho yamechoka. Mi wa zamani ningemwambia hivi, hapana, tafuta KDS (kigawe kidogo cha shirika) kwanza, KDS ya 2 na 3 ni ngapi, sita, haya hapa andika 3 juu ya 6, hapa 2 juu ya 6, jumla ngapi? Anasema tano juu ya sita. Vizuri! Naondoka nimefurahi. Lakini hebu jiulize hapo nani kafanya hesabu. Mimi. Yeye kajumlisha tatu na mbili tu, hesabu ya mtoto wa darasa la kwanza. Na kesho yake nampa robo jumlisha nusu ananiandikia 2/6 bila wasiwasi wowote.

Siku hiyo baada ya ile rekodi kuniumbua nikafanya tofauti. Nikachuchumaa pembeni ya dawati nikamwambia hebu nisimulie umefanyaje hapa. Akasema nimejumlisha juu na juu, chini na chini. Nikanyamaza. Akaniangalia, akaangalia daftari, hakuongeza kitu. Nikamwambia we ulianza na nusu si ndio, afu ukaiongezea kitu. Hiyo 2/5 uliyopata na nusu uliyoanza nayo, ipi kubwa? Kimya kirefu, mi natamani kusema lakini nimebana meno. Akachukua penseli akachora kama ubao mrefu hivi, akaukata vipande vitano, akatia kivuli viwili, afu akaweka mstari katikati kuonesha nusu. Kivuli hakijafika kwenye mstari. Akasema "mh, imepungua". Nikamuuliza, inawezekana uongeze kitu halafu kipungue? Akasema hapana. Akakaa kidogo tena, afu akasema neno ambalo mimi kwa miaka yote sikuwahi kulisema vizuri hivyo: "Ticha, vipande havilingani, vya huku vikubwa vya huku vidogo."

Basi, hapo ndo KDS inapata kazi. Kabla ya hapo KDS ilikuwa amri tu ya mwalimu, sasa imekuwa njia ya kufanya vipande vilingane. Nikamwambia naenda dawati la tatu pale, nikirudi nikute umeifanya upya na hii nyingine ya robo na nusu. Na nikarudi kweli. Hii ya kurudi usiipuuze, mtoto akijua hurudi anasubiri upite.

Najua unachowaza, watoto 60 mara dakika tatu, kipindi kitaisha wiki ijayo. Ni kweli, kwa hiyo usijaribu kuwafikia wote kipindi kimoja. Mi raundi ya kwanza napita mdomo umefungwa kabisa, nasoma madaftari tu kama mtu anayesoma matangazo ukutani, na karatasi ndogo mkononi naweka vijistari vya makosa. Nikiona kosa moja limejirudia kwa watoto wanne watano sihangaiki na mmoja mmoja, nasimamisha darasa zima, naliandika kosa ubaoni bila jina la mtu, nawaambia kuna mtu kafanya hivi, ongeeni wawili wawili kakosea wapi. Dakika mbili. Wengi wanajikuta wanajisahihisha wenyewe kimya kimya na hakuna aliyeaibika. Waliobaki na makosa yao ya peke yao ndo nakaa nao, watano au sita kwa kipindi, na hapo nina orodha ya majina ya darasa naweka nukta kwa kila niliyekaa naye. Sita kwa siku, siku tano, thelathini, ndani ya wiki mbili umezunguka darasa lote la sitini.

Hiyo orodha yenyewe ilinipa aibu nyingine. Mwanzoni nilikuwa naweka nukta tu bila kuipanga, nione naenda kwa nani. Nukta zikajaa kwa wa mbele na kwa watundu. Wale wa katikati wasio na fujo wala maswali, kuna mabinti wawili na kijana mmoja walikaa wiki tatu bila nukta hata moja, wiki tatu! na mimi ningeapa kwamba naongea na kila mtoto.

Tukienda kwenye lugha mambo yanakuwa na ujanja zaidi. Nilikuwa na mtoto ambaye Kiswahili kwake ni lugha ya pili, anakuja ananiambia "mwalimu, kitabu yangu imepotea". Mi kwa upole wangu, nisimkatishe tamaa, namrudishia ikiwa imenyooka, "ooh, kitabu chako kimepotea?" Ananijibu "ndio mwalimu, imepotea kabisa". Hahaha. Yeye kasikia swali, hakusikia sahihisho, na kwa nini asikie, mtu kapoteza kitabu we unamletea ngeli. Watafiti wawili, Lyster na Ranta, walichapisha mwaka 1997 utafiti wa madarasa ya Kanada ambako watoto wanasoma masomo kwa Kifaransa ambacho si lugha yao ya nyumbani, wakakuta hii mbinu ya kurudia sentensi ya mtoto ikiwa imenyooshwa ndo walimu wanaitumia kuliko zote, zaidi ya nusu ya masahihisho yao, na ndo iliyomfanya mtoto ajirekebishe kwa nadra kuliko zote. Zilizofanya kazi ni zile ambazo mwalimu hatoi jibu, anamrudishia mtoto mpira. Sasa hivi akisema kitabu yangu nauliza tu "kiti ungesemaje?" Anasema kiti changu. Nanyamaza. "Aaah, kitabu changu kimepotea." Sekunde saba na kajisahihisha mwenyewe. Ila akiwa anakusimulia jambo linalomuuma mwache amalize jamani, ngeli itasubiri.

Kwenye sifa nitapita haraka ingawa najua kuna watu watanikasirikia. "Vizuri sana", "we kichwa", "genius wangu", hizi mi nimezipunguza kwa nguvu. Nilikuwa na mtoto hodari nilimzoesha "we ndo kichwa cha darasa hili", baada ya muda nikaona maswali magumu hanyooshi mkono, anasubiri mepesi. Ni kama nilimpa cheo ambacho anaogopa kukipoteza. Watafiti Mueller na Dweck walionesha kitu cha namna hiyo mwaka 1998, watoto waliosifiwa akili, walipokutana na maswali yaliyowashinda walikata tamaa mapema na wakafanya vibaya baadae kuliko waliosifiwa bidii. Siku hizi nikisifia nataja kitu alichofanya, "umechora kwanza kabla ya kuhesabu, ndo maana umeona kosa lako", hapo anajua arudie nini kesho. Vizuri tupu haimwambii chochote, ni kama salamu.

Na hapa niseme kitu ambacho walimu hatupendi kusikia, kumrekebisha mtoto sio lazima kumsaidie. Watafiti Kluger na DeNisi mwaka 1996 walikusanya tafiti nyingi sana za mrejesho wa kila aina wakazipima pamoja, kwa wastani ulisaidia, ila zaidi ya theluthi moja ya matokeo yalionesha watu wamefanya VIBAYA zaidi baada ya kuambiwa. Nilivyosoma hivyo nikamkumbuka kijana mmoja. Alikuwa anasoma kwa sauti mbele ya darasa, akakosea neno, mi nikamrekebisha kwa sauti kubwa kutoka nyuma ya darasa, tena nikaiga alivyolitamka. Sikuwa na nia mbaya, nilitaka darasa lichangamke. Darasa likacheka. Muhula mzima ule kila nikimwita kusoma anasema koo linauma. Kosa langu mimi, sio la darasa wala la koo. Nilimwomba msamaha lakini baadae sana, na sauti yake haikurudi kama mwanzo, alianza kusoma tena mwaka uliofuata akiwa na mwalimu mwingine.

Tangu hapo sirekebishi mtu kutoka mbali. Naenda pale alipo, nashuka chini macho yetu yalingane, sauti ya kusikika na sisi wawili, labda na jirani yake. Na jambo MOJA. Mdomo una tamaa, ukishachuchumaa pale unaona mwandiko mbaya, herufi kubwa haipo, jibu halina kizio, unataka umwage vyote. Hawezi kubeba. Maneno hayaandikwi popote, mtoto anayabeba kichwani tu, ukimpa matano anadondosha yote na lile la maana linadondoka la kwanza. Kwenye insha ndefu mi bado naandika, sidanganyi, insha ya kurasa mbili huwezi kuimaliza kwa kuchuchumaa.

Kuhusu maksi, usichanganye. Ukimwambia "umepata 4 kwa 10, ila ungefanya hivi na hivi" yeye kasikia nne. Mtafiti Ruth Butler wa Israel alilijaribu hili, ilichapishwa 1988, kundi moja likapewa maksi tu, jingine maoni tu, jingine vyote viwili. Waliopewa maoni peke yake ndo waliopanda, waliopewa vyote viwili hawakufaidika kama wao. Mi natanguliza mazungumzo, wanarekebisha, maksi zinakuja baadae au haziji kabisa kama ni zoezi la kawaida.

Kuna kisa kingine lazima nikitoe manake ndo kilichonifanya niwe mkali na hili suala la kurudishiwa. Nilikuwa na mtoto mtulivu sana, adabu tele, kila ukimwambia kitu anatabasamu na kuitikia, "ndio mwalimu", "sawa mwalimu". Kazi yake haibadiliki. Nikawa nimemuweka kwenye fungu la wazito, niwe mkweli. Siku nimeanza mtindo wangu mpya nikamwambia nikiwa nimesimama nyuma ya bega lake, hebu nirudie nilichokwambia. Akatabasamu akasema, "ndio mwalimu". Nikasema hapana, nirudie maneno. Akanirudia kitu ambacho hakikuwa na uhusiano wowote na nilichosema, kalenga lenga tu kutokana na alivyoona kwenye daftari. Nikazunguka nikakaa mbele yake nikasema kitu kile kile, sauti ile ile, akarudia chote. Mnaelewa? Alikuwa anasoma midomo. Alikuwa hasikii vizuri na hakuna aliyejua, mimi nikiwemo, na nilikuwa napenda kuongea na watoto nikiwa nyuma yao ili nione daftari. Tukaongea na mzazi akapelekwa kupimwa masikio, nikamhamisha kiti. Kwa hiyo unavyopita kwenye madawati usiongelee kisogoni kwa mtoto, na usigeukie ubao huku unamjibu mtu.

Sasa mwalimu mkuu wako na wino. Wala hauko peke yako, Uingereza walimu walifikia mpaka kutengenezewa mihuri, unaongea na mtoto afu unagonga kwenye daftari kwamba mrejesho wa mdomo umetolewa, ili mkaguzi akija aone. Kuna kamati ya huko ilitoa ripoti mwaka 2016 kuhusu mzigo wa kusahihisha, ikasema usahihishaji uwe na maana, uwezekane kufanyika, na umtie moyo mtoto. Muhuri hauna hata kimoja, muhuri ni wa mkaguzi. Mi badala ya muhuri mtoto ndo anaandika, nikishaondoka anaandika mstari mmoja pembeni kwa penseli ya rangi, maneno yake mwenyewe, kitu gani anabadilisha, na chini yake anakifanya. Yule kijana wa sehemu aliandika "angalia vipande kwanza". Siku 10 baadae ukifungua daftari lile unaona kila kitu, kosa, sentensi yake, na kazi iliyobadilika. Na mimi sijatumia hata tone la wino.

Mwalimu mkuu wangu hakuridhika na maelezo, akasema haya ni maneno tu. Nikamwalika darasani, nikamwambia chagua mtoto yeyote umuulize anafanyia kazi kitu gani, usiniulize mimi. Akaenda nyuma kabisa, kwa mmoja wa wale mabinti wasiokuwa na nukta, nikasema leo nimekwisha. Akamuuliza mwalimu wako kakwambia nini kuhusu kazi yako. Binti akasema hajaniambia, kaniuliza. Kakuuliza nini? Akafungua daftari akaonesha kwa kidole, "kaniuliza kama jibu langu linaweza kuwa kubwa kuliko nilichoanza nacho wakati nimetoa". Linaweza? "Hapana, ndo nimeifuta hii, hii ya chini bado naifanya."

Hakunisifia wala nini, aliandika kitu kwenye notibuku yake akatoka. Wiki iliyofuata tukakubaliana wino mwekundu ubaki kwenye majaribio ya mwisho wa mwezi tu. Na we mwalike wa kwako mkuu, ila mwalike baada ya wiki kama tatu hivi ukishazunguka orodha yote, na usimwalike Ijumaa mchana.